UZI: Mafunzo ya vijana wa ujenzi wa chokaa na mawe (Mji Mkongwe, Lamu, Kilwa). Yaendeshwe vipi hadi yatoe mafundi?

Mwashi_Unguja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Miradi ya "kurithisha vijana ujenzi wa asili" haijawahi kukosekana pwani hii. Tatizo ni namna inavyoendeshwa: wiki mbili za mafunzo, fulana, picha na mgeni rasmi, cheti, kwaheri. Msimu unaofuata ukuta ule ule unapigwa saruji, tena na kijana yule yule mwenye cheti, maana hiyo ndiyo kazi aliyoipata.

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, Lamu tangu 2001, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu 1981. Orodha haizibi ufa. Nafungua uzi huu kwa walio kwenye fani: mafundi, watu wa makumbusho, kamati za mitaa, wenye nyumba. Tuongee vitu vya mkononi, siasa tuziache jukwaa lake.

Naanza mimi. Msimamo wangu: anza na nyumba inayovuja na shimo la chokaa, vijana waje baadaye. Wengi wanaanza na darasa.

Nyumba kwanza. Itafutwe moja yenye kazi ya kweli: paa linavuja, lipu imebanduka, boriti mbili tatu zimeoza. Kisha mjue mwenyewe ni nani, na hapa ndipo mambo yanapokwama Unguja. Ziko nyumba za serikali, ziko za Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ziko za watu binafsi, na kati ya hizo za binafsi zimo za mirathi ambayo haijagawanywa. Anayeishi ndani si lazima awe ndiye wa kusaini. Mkisaini na mpangaji, siku mnafunua dari anatokea mrithi kutoka Muscat na kazi inasimama. Pateni saini ya mwenye mali, kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe (ombeni hata kama ni lipu ya nje tu), na sheha ajulishwe tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Pili, shimo la chokaa. Chokaa inataka kulala ndani ya maji si chini ya miezi mitatu kabla ya kupigwa ukutani. Hapo tu umeshaona kwa nini mafunzo ya wiki mbili hayafundishi kitu: kijana haoni chokaa ikizaliwa wala ikikomaa, anaona ndoo imeletwa.

Hesabu. Lipu ya mikono mitatu (yaani matabaka matatu), kila mkono sentimita 1, kwa mita 10 za mraba inakula lita 300 za mchanga na lita 100 za chokaa ya shimo (1 kwa 3). Yaani ndoo 15 za lita 20 na ndoo 5. Ukuta wa mawe ya matumbawe haujanyooka, una mashimo, kwa hiyo ongeza theluthi moja. Chumba chenye kuta za mita 60 za mraba kinataka lita 800 za chokaa, mapipa manne ya lita 200. Kilo 1 ya chokaa hai, ile iliyotoka tanurini haijaonja maji, ikiwa imeiva vizuri hutoa takriban lita 2. Kwa hiyo mnahitaji kilo 400. Na jiwe likichomwa hupoteza karibu nusu ya uzito wake: kilo 100 za jiwe safi kabisa hubakisha 56. Tanurini ziingie kilo 715 na zaidi, kwa sababu mawe ya pembeni hayaivi.

Kuzima: maji yatangulie, chokaa ifuate. Ndoo 2 hadi 3 za maji kwa ndoo 1 ya chokaa hai, utie kidogo kidogo huku mwingine akikoroga kwa mti mrefu. Ukimwagia maji juu ya rundo la chokaa linalipuka na kurusha uji unaochemka. Miwani ya kazi kila mmoja, mikono mirefu, viatu vya kufunika, na pipa la maji safi karibu. Jicho likiingia chokaa lioshwe kwa maji mengi dakika 20 mfululizo, kisha hospitali, hata kama mhusika anasema amepona. Chini ya miaka 18 asikaribie hatua hii.

Ikishapoa, chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 3 kabla ya kuishusha shimoni. Wanaoruka hapa wanakuja kuona lipu imetoa vipele baada ya miezi: vipande ambavyo havikuzimika vinavuta unyevu ndani ya ukuta, vinavimba, vinatumbuka. Juu ya chokaa shimoni yabaki maji ya kina cha kiganja, na turubai juu yake. Ikikutana na hewa inaanza kuwa jiwe humo humo.

Kwa kalenda ya huku: shimo lijazwe kabla ya masika, Februari, lilale mvua zote, vijana waingie Juni. Juni hadi Septemba jua halijawa kali. Desemba hadi Februari lipu inakauka kwa juu kabla haijashika.

MhandisiKariakoo

Mkuu heshima kwako, ila niulize swali ambalo kila mwenye nyumba ataliuliza. Saruji mfuko unapata duka lolote, kesho ukuta umekauka, kazi imeisha. Kijana utamwambiaje aache kitu chenye nguvu mara kadhaa zaidi ashike kinachosubiri miezi mitatu? Nauliza kama mtaalamu, siyo ubishi.

Mwashi_Unguja

@MhandisiKariakoo swali zuri, na kijana lazima aweze kulijibu mbele ya mwenye nyumba.

Ukuta wa zamani una unene wa nusu mita na zaidi, ni mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, hauna msingi wenye nailoni ya kuzuia unyevu. Unavuta maji kutoka ardhini pamoja na chumvi. Kwa chokaa maji yanatokea usoni mwa ukuta na kukauka. Ukishaupaka saruji njia imeziba, maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ndiyo unaona nyumba imepigwa saruji mita moja ya chini, na unyevu sasa umefika dirishani. Chumvi nayo inaganda nyuma ya saruji, inaisukuma, na saruji ikianguka inaondoka na uso wa jiwe, kwa sababu yenyewe ni ngumu kuliko jiwe lililoishika. Hiyo nguvu unayoisifu haina kazi pale.

Halafu uzito. Sakafu ya saruji ya sentimita 5 juu ya dari ya zamani inaongeza zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Boriti haikuombwa ruhusa. Na nondo ukiziweka karibu na bahari zinashika kutu, zinavimba, zinapasua zege lenyewe.

Kuwafundisha hili msitumie ubao. Wapelekeni kwenye ukuta uliopigwa saruji, wagonge kwa mpini wa nyundo wasikie panapolia utupu, wabandue kipande, waonje unga mweupe ulio nyuma. Ni chumvi. Hakuna anayesahau.

MhandisiKariakoo

Nimekuelewa. Basi niongeze kwa wanaonunua chokaa ya mifuko kwa sababu tanuri hawana: inafaa, ila ilowekwe angalau usiku mzima kabla ya kuchanganywa, na mfuko uliokaa dukani mwaka mzima umeshalala na hewa, hautashika. Tikisa mfuko: ukiwa na mabonge magumu uache. Na mchanga wa ufukweni marufuku kabisa, unaingiza chumvi ile ile unayoikimbia. Mchanga wa shimo au wa mto, wenye chembe kali. Weka kwenye chupa nusu, jaza maji, tikisa, acha saa moja. Tope likionekana nene juu ya mchanga, osha kwanza.

Mama_Kiponda

Assalaam aleikum. Naona kaka zangu mmezama kwenye pipa. Niseme upande wa watu, maana huko ndiko inakofia.

Fundi mkongwe. Mradi unamwita "mwezeshaji" unampa posho ya nauli. Yeye kwa siku moja ya kazi anapata zaidi, kwa hiyo Jumatatu anakuja, Jumanne anamtuma saidia wake, Jumatano hayupo. Alipwe kwa siku, kwa bei yake ya site, na ndio iwe gharama ya kwanza kuandikwa kwenye bajeti kabla ya ukumbi na chai. Fundi mmoja vijana wanne, wasizidi watano. Mnaweka kumi kwa fundi mmoja, sita wanakuwa wabeba karai.

Na tusijidanganye, mafundi wanaficha. Fundi hataki kumtolea kijana siri ya mchanganyiko, na ana haki yake: kesho kijana huyo anakwenda kwa tajiri wake na bei ya chini. Dawa ni kuandikiana. Kazi zitakazopatikana kupitia kikundi kwa miaka miwili, fundi ndiye mkuu wa kazi na analipwa fungu la ukuu. Akiliona hilo kwenye karatasi mdomo unafunguka.

Saa za kazi. Vijana wetu jioni wana chuo, wengine wanafundisha madrasa. Anzeni saa moja na nusu asubuhi mmalize saa nane. Ramadhani punguzeni hadi saa sita na mpange kazi za kivulini: kuchekecha, kuchora nyumba, kupima. Kubeba mawe kwa mtu aliyefunga ni kumtafutia ajali.

Wasichana. Wazee watakataa ukisema "ujenzi". Kapigeni hodi nyumbani, mama aone mahala penyewe. Wawe si chini ya wawili kwa kundi, choo chenye mlango, na mwanamke mmoja mkubwa kwenye uongozi anayeshika daftari la mahudhurio. Zamani sakafu za chokaa Unguja zilipigwa kwa vigongo siku kadhaa, watu wamejipanga wakiimba, na wanawake walikuwemo. Kwa hiyo hakuna aliyeleta jambo geni. Wasichana ninaowaona kwenye neru (chokaa laini ya kumalizia) na lipu laini ya vidaka (vishubaka vya ukutani) wana mkono mzuri, ila msiwafungie huko tu. Wapande jukwaa kama wengine.

Posho ya vijana itolewe kila wiki, Alhamisi, kwa mahudhurio. Ukisema utawapa mwisho wa mafunzo, mwezi wa pili wanaondoka na walio maskini ndio wa mwanzo.

Jahazi_la_Pate

Swali fupi: darasani wanahitaji kujua kusoma na kuandika? Kuna vijana wavuvi wazuri sana wa mikono.

Mama_Kiponda

@Jahazi_la_Pate kupima ndiyo, kuandika insha hapana. Ajue kusoma futi kamba na kuhesabu ndoo. Usaili wetu uwe kazi ya nusu siku: achekeche, abebe, achanganye, apige mwiko ukutani. Anayeosha vifaa bila kuambiwa mchukueni.

Bajuni254

Salaam kutoka Amu (Lamu). Niongee boriti, maana chokaa yenu ikikamilika dari itawaangukia.

Mikoko huku huuzwa kwa korija, miti 20. Majina ni ya unene na kijana ayajue kwa mkono: fito ndiyo nyembamba, halafu pau (sentimita 4 hadi 7 na nusu hivi), mazio, boriti (11 na nusu hadi 13 na nusu), nguzo (14 hadi 20), na banaa kuzidi hapo. Mtu akikuletea mazio ukalipa boriti, dari itabonyea. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, mita mbili na nusu hadi tatu, nyumba imekatwa kwa kipimo cha mti.

Vijana wafundishwe kukagua dari namna hii. Boriti huoza kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, kwa kuwa ukuta una unyevu na hewa haipiti. Katikati inaweza kuwa nzima kabisa na imepakwa rangi nyekundu na nyeusi, ukaisifu. Gonga kuanzia katikati ukienda ukutani, sikiliza sauti ikibadilika. Kisha choma kwa bisibisi karibu na ukuta. Ikizama sentimita 2 au 3 bila nguvu, ncha hiyo imekwisha. Boriti moja haibadilishwi peke yake kabla hujajua maji yanatoka wapi, na mara tisa kwa kumi yanatoka chooni kwa jirani wa juu au kwenye kopo la paa (la kutolea maji ya mvua) lililoziba. Badilisha boriti uache bomba, baada ya miaka michache unarudi.

Kuibadilisha: mirunda (miti ya kushikilia dari kwa muda) kwanza, pande zote mbili za boriti mbovu, ikisimama juu ya ubao mpana, siyo juu ya sakafu tupu. Ondoa uzito wa juu. Toa moja, ingiza moja, usitoe mbili za jirani kwa mara moja. Ncha mpya paka chokaa, acha nafasi ya kidole kuizunguka ipate hewa, usiizungushie saruji. Mti uwe umekauka kivulini, mbichi hujipinda baada ya kubeba.

Upatikanaji ndio mtihani. Ukataji unataka leseni ya shirika la misitu la Kenya, KFS, na ile marufuku ya ukataji ya 2018 iliwakumba wakataji wa Lamu moja kwa moja. Programu yoyote ya vijana iweke oda mapema kwa kikundi cha wakataji chenye leseni na iwahusishe kwenye upandaji. Kununua usiku kwa mtu asiye na karatasi mnaharibu msitu, na makumbusho hayatawapokea.

Mwashi_Unguja

@Bajuni254 umemaliza. Naongeza onyo moja tu la usalama. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili walifariki. Mwanagenzi asipelekwe chini ya dari lenye mirunda mpaka mhandisi ametia saini kwamba mirunda inatosha. Na wenyeji wahamishwe chumba cha chini na cha juu, siyo cha chini tu.

kaka_mkubwa_Tanga

Na nakshi je? Vijana wote huku wanataka kuchonga milango, hakuna anayetaka kubeba chokaa.

Bajuni254

@kaka_mkubwa_Tanga wanataka kwa sababu mtalii ananunua. Siwalaumu. Lakini anayeanza na patasi anaishia kuchonga visanduku na vibao vya majina. Mlango wenyewe hajui unavyoshikana. Aanze na fremu: kizingiti, mihimili, mfaa wa katikati, mbao zinavyoungwa bila msumari wa duka, halafu ndiyo ua la nakshi. Mbao nzuri (mbambakofi, mvule, msaji, hata mfenesi) ni ghali, kwa hiyo mazoezi yafanyike kwenye vipande vya mwembe, na kila mmoja achonge ua lile lile mpaka kina cha patasi kiwe kimoja pande zote. Kazi za kutengeneza milango ya zamani ziko: ncha za chini zinaoza kwa kuoshewa baraza na maji ya chumvi. Kukata ncha iliyooza na kuunga kipande kipya kwa mshazari kunalipa vizuri, na wanaoweza si wengi.

Kamati_Kilwa

Wakuu, nawasikia mnazungumza nyumba za watu. Magofu ni habari nyingine na ushirikiano wake ni mwingine.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014. Kati ya hapo kazi ilifanyika na wanakijiji wenyewe wakiwemo, kupitia kamati ya magofu, wakijifunza kuchanganya chokaa, kuimarisha kuta na kupanda mikoko ufukweni ili bahari isile ardhi.

Jambo moja nataka watu walijue. Kijiji kinapopata kazi, kila kaya inataka zamu, na ni haki. Kwa hiyo kamati inazungusha majina kila wiki mbili. Matokeo yake kila wiki mbili unafundisha watu wapya kuchanganya udongo, na ukuta una viraka vya kila mkono. Gaweni mara mbili: vibarua wa kubeba maji, mchanga na kusafisha majani wazungushwe kwa kaya, wanagenzi wa mwiko wabaki wale wale mwaka mzima, wachaguliwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, na sababu zisemwe. Msipofanya hadharani mtaambiwa mmechukua ndugu zenu, na mtakuwa mmechukua kweli.

Kwenye gofu hatujengi upya. Ukuta hauna paa, kwa hiyo adui ni mvua inayoingilia juu. Kazi kubwa ya vijana ni vichwa vya kuta: safisha, panga mawe yaliyolegea pale pale yalipokuwa, funika kwa udongo wa chokaa wenye mteremko maji yakimbie. Tia vumbi la matofali ya kuchoma lililochekechwa, kama nusu ndoo kwa ndoo moja ya chokaa, ndipo inashika hata penye unyevu. Mti uliootea ukutani using'olewe! Mzizi unatoka na nusu ya ukuta. Kata shina, ua kisiki, acha mzizi ufe, uje uutoe vipande ukiwa umekauka. Piga picha kabla, katikati, baada, ukiwa na fimbo ya kipimo kando. Bila picha mwaka wa kesho hakuna ajuaye jiwe gani ni la zamani.

Jiwe la kukarabatia gofu lisitoke kwenye gofu jingine. Inaonekana jambo la wazi, ila rundo likiwa karibu na mtu amechoka, anachukua.

MhandisiKariakoo

Lipu ikishapigwa mnaitunzaje? Naona wengi wanapiga na kuondoka.

Mwashi_Unguja

Hapo ndipo zinapoharibika. Chokaa haikauki tu, inarudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa, na inahitaji unyevu ili iweze. Lowesha ukuta kabla ya kupiga, jiwe kavu linanyonya maji yote na lipu inabaki unga. Kila mkono usizidi sentimita 1 hadi 1.2, ukizidisha unapasuka. Mkwaruze mkono wa kwanza wa pili upate pa kushika. Baada ya hapo magunia yaliyoloweshwa yatundikwe mbele ya ukuta siku 5 hadi 7, yaloweshwe asubuhi, adhuhuri na jioni. Kusi nayo hukausha ukuta unaoelekea bahari hata jua likiwa dogo, watu husahau. Kipimo: sugua kwa kiganja baada ya wiki mbili. Ukitoka na unga mweupe kama wa chaki ya ubaoni, ilikauka haraka, na hakuna rangi itakayoiokoa. Ibanduliwe.

Kupaka chokaa ya juu, iwe nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, ukuta uwe na unyevu kila mara. Mkono mmoja mzito unabanduka kama magamba.

Wakili_wa_Mtaa

Nichangie karatasi, kwa ufupi.

Vyeti: Bara, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) inarasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, anapimwa kwa vitendo anapewa cheti. Zanzibar ziulizeni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kenya ni NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), mitihani ya gredi tatu hadi gredi moja. Mtihani wa uashi ni wa tofali na saruji, kwa hiyo kijana afundishwe na huo pia, asifike kwenye mtihani akiwa anajua matumbawe tu. Cheti hicho ndicho kitakachomwingiza kwenye zabuni.

Kazi: Kenya asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi kisajiliwe, kipate cheti cha AGPO (mpango wa hiyo asilimia 30), kiombe kazi ndogo za ukarabati za kaunti. Tanzania Bara halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ni mkopo, siyo ruzuku. Msikope kununua fulana. Jukwaa la chuma, mashine ya kuchekecha, mirunda ya kupandisha kwa skrubu, hivyo vinaweza kukodishwa na kurudisha hela.

Kurekodi wazee: Kenya kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Msimrekodi fundi akieleza mchanganyiko wake mkarusha mtandaoni bila idhini ya maandishi inayosema itatumika wapi. Nakala ya kwanza ipewe familia yake.

Jahazi_la_Pate

Mafunzo yakiisha na mfadhili akaondoka, kazi inatoka wapi? Wakarabati nyumba ngapi kwa mwaka?

Mama_Kiponda

Ukarabati mkubwa ni wa bahati. Kinachowaweka vijana ni matunzo madogo. Kila mtaa wachukue nyumba 20 au 30, wenye nyumba wasaini mkataba wa mwaka, bei ndogo kwa kila nyumba. Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, vijana wawili wanapanda kila paa: wanasafisha makopo na mabomba ya mvua, wanang'oa miche ikiwa bado na majani mawili, wanaziba nyufa za sakafu ya paa kwa chokaa, wanachungulia chini ya tangi la maji, wanagonga ncha za boriti vyumba vya juu. Nyumba moja haizidi nusu siku. Daftari moja kwa kila nyumba, linabaki kwa kikundi na nakala kwa mwenyewe.

Aliye Muscat au Toronto analipa hili kwa urahisi kuliko ukarabati, kwa sababu anatumiwa picha za paa lake na anajua hela imekwenda wapi. Na kwenye hizo ziara ndiko kazi kubwa zinakopatikana, fundi anaitwa na wanagenzi wake.

kaka_mkubwa_Tanga

Vifaa vikae kwa nani? Kwetu jukwaa lilikodishwa "kidogo" na mwenyekiti, halijarudi.

Kamati_Kilwa

Funguo mbili tofauti, kufuli mbili kwenye mlango mmoja: moja kwa mtunza stoo, moja kwa mjumbe asiye wa familia yake. Kila kifaa kipigwe chapa na namba. Kitabu cha kutoa na kurudisha kisomwe kwa sauti kila Jumamosi mbele ya vijana wote, na kilichokodishwa kiandikwe bei na siku ya kurudi. Shimo la chokaa nalo lina mfuniko na kufuli, mkumbuke watoto wanacheza.